Neno Lisilo na Mwenyewe

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala kidogo, natembea. Moyo ndio unaoumwa. Kabla hujaendelea kusoma, tafadhali funga mlango wa chumba chako, na kama kuna muumini amekaa hapo akisubiri ushauri wako, mwambie arudi kesho.

Unanijua nilivyo mwoga. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kivuli, ukisema nakuganda wewe kutwa, na kivuli changu mwenyewe nakipisha njia. Basi nakuandikia kwa woga ule ule wa utotoni, ila safari hii una sababu, na sababu yenyewe inakuhusu. Nivumilie nianze mwanzo, maana nikianza mwisho utaichana barua.

Kazini nilikuwa bado kwenye ile nyumba ya kamusi, Kiingereza kwa Kiswahili, herufi ya H. Chini kuna mitambo ya kuchapia, juu kuna meza zetu, na nyuma kuna jiko na ua mdogo wenye bomba linalovuja. Mkubwa wetu tunamwita Mzee Nukta, kwa sababu hata akiandika karatasi ya kuagiza sabuni lazima amalizie na nukta. Ni mtu mpole, anaogopa ugomvi kuliko mimi ninavyoogopa mbwa. Ana desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Kila Jumatatu tunakusanyika chumba kikubwa, wahariri, mafundi, mlinzi na mfagiaji, tunanywa chai na tunaonja maneno. Kila mhariri analeta neno lake na maana aliyoiandika, kisha mtu yeyote anatoa sentensi ya kulitumia. Sharti lake sentensi itoke maishani, isitoke kichwani. Neno lisilopata sentensi linarudishwa mezani likasubiri. Tulikuwa tunacheka sana siku hizo, na kimojawapo cha vicheko hivyo kilikuwa kumsikiliza mlinzi akieleza maana ya neno “uaminifu” huku mifuko imemjaa sukari ya jikoni.

Zamu yangu ilipofika nilipeleka neno heathenish. Kulitamka ni kazi, kama mtu aliyeanza kupiga chafya akaghairi. Ni kivumishi. Waingereza wa zamani walilitumia kwa watu wasiofuata dini yao na kwa mambo ya watu hao, ibada zao na desturi zao. Baadaye likazoeleka, likalegea, likawa la kila kitu kinachomkera msemaji. Ukiamshwa alfajiri mno, saa hiyo ni heathenish. Watoto wakipiga makelele mezani, makelele hayo nayo ni heathenish. Niliandika maana mbili, ya kwanza “-a kipagani”, ya pili “-a kishenzi, -a ovyo”, nikaona nimemaliza kazi. Nilikuwa nimeandaa na mfano wa kuchekesha kuhusu saa ambayo mama mwenye nyumba wangu huanza kutwanga.

Mzee Nukta alilitazama neno kwa muda, akasema kuna jambo linamsumbua. Katika vitabu vyote alivyopekua, kila anayelitumia anamsema mwingine. Hakumwona hata mmoja aliyelisema juu ya nafsi yake, isipokuwa kwa mzaha. Ni neno lisilo na mwenyewe, alisema, lina wa kurushiwa tu. Akaomba tumpatie mfano wa mtu anayelikubali kuwa lake, na kama hatuna, basi mfano wowote wa kweli.

Hapo ndipo alipodakia Fundi Wembe. Huyu ndiye anayeendesha mashine ya kukatia karatasi, mtu wa maneno mengi, kila kitu anakijua. Alicheka akasema mbona mfano tunaishi nao humu humu. Alikuja kazini mapema siku moja, akakuta nje ya mlango wa jiko bakuli limejaa maji hadi ukingoni, na kabla hajakunja kona alisikia sauti ya mwanamke ikiita majina ya watu ambao hawapo. Sasa, ufunguo wa jiko anao mtu mmoja. Wote tukageuka tukamtazama Mama Chai, mpika chai wetu, aliyekuwa amesimama na birika lake. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, kaka. Nilicheka kuliko wote.

Najua hapa umeacha kusoma. Umelijua bakuli.

Ndiyo, ni lile la mama, la bati jeupe lenye rangi iliyobanduka upande mmoja. Ulipomzika mwaka jana ulimsomea dua zako, nami nikasimama kando yako nikaitikia amina, na niliitikia kwa moyo. Lakini kulipokucha sikuweza kukaa. Mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya. Nikakumbuka alivyokuwa akiweka maji nje ya mlango kabla ya jua, akachuchumaa, akawaita waliotangulia kwa majina, mmoja mmoja, akawaambia habari za nyumbani: nani kaumwa, nani kafaulu, bei ya mafuta imepanda. Hakuomba kitu. Alikuwa anapiga soga tu na watu wake. Nilijaribu kufanya hivyo nilikopanga, lakini mama mwenye nyumba ana macho kisogoni. Ndipo nikaona ua wa kazini, ambako asubuhi hakuna mtu isipokuwa Mama Chai anayewasha jiko.

Mama Chai alinikuta siku za mwanzo kabisa. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alitazama bakuli, akanitazama mimi, akasema maji ya bomba la uani yana kutu, nichote ya ndani. Basi. Tangu siku hiyo alikuwa akiniachia mlango wa jiko wazi, na hatukuzungumza tena habari hiyo.

Unakumbuka ule mchezo wetu wa mazishi? Wewe ulijifanya maiti, mimi nikawa mfiwa, nikalia kwa sauti kwamba kaka yangu amekufa jamani. Mama akatoka jikoni. Hakucheka. Alijaza bakuli lile hadi juu, akakusimamia, akakulazimisha ulitaje jina lako mwenyewe kisha uyanywe maji yote. Alisema aliyetajwa kwamba amekufa ilhali yu hai, jina lake limekwishapelekwa huko, na hakuna wa kulirudisha ila mwenyewe, kwa kinywa chake. Ulikunywa hadi tumbo likawa ngoma, ukatapika kwenye kanga yake. Tulicheka mwezi mzima, kwa siri. Weka kisa hicho akilini, nitakirudia.

Basi neno lile halikukaa ofisini. Jioni ile ile mlinzi alimwita Mama Chai “Hithenishi” akimfungulia lango. Siku chache baadaye watoto wa mtaa wa nyuma walikuwa wanaliimba. Hawakujua maana yake hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu liliwakolea. Nilijiambia ni mzaha, utapita. Nilijiambia hivyo kila siku, huku nimeacha kupeleka bakuli.

Nililipeleka tena mara moja tu, siku ya kutimia mwaka wa mama. Nikachelewa kuliondoa. Fundi Wembe akatokea, mimi niko nyuma ya mlango wa jiko, pumzi nimeibana. Aliliona, akaita wenzake waje watazame, akalipiga teke likaviringika hadi ukutani. Mchana wa siku hiyo hiyo mashine ilimkata kidole. Nilikuwa juu mezani nikasikia ukelele, na nilipochungulia ngazini niliona karatasi zote nyeupe za juu zimekuwa nyekundu.

Kaka, mimi niliogopa mara mbili. Niliogopa watu watasema ni maji. Na katikati ya moyo wangu, mimi niliyesoma, mimi mhariri wa herufi ya H, niliogopa kwamba kweli ni maji. Nilijua fundi yule anaondoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka, nilimwona mara nyingi. Lakini ujuzi huo haukunisaidia nilipokuwa nimelala nikilisikia bati likiviringika.

Tangu hapo mzaha uliisha. Vikombe vya chai vilibaki mezani hadi vikafanya utando. Mfagiaji akaanza kubeba maji yake kwenye chupa. Mlinzi, ambaye hata paka humpita langoni bila kuulizwa, sasa alikuwa akimpekua Mama Chai kikapu kila aingiapo na kila atokapo. Siku moja mlango wa chumba chake ulipakwa oili chafu kutoka juu hadi chini. Siku nyingine mawe yalianza kuanguka juu ya paa lake mchana kweupe, na majirani wakaingiza viti vyao ndani wakafunga milango. Ndugu za Fundi Wembe wakapita kuwaambia watu kwamba Jumatatu watakuja kumchukua ili aseme anachokifanya na anakifanya na nani. Kumchukua wapi, hakuna aliyeuliza.

Mzee Nukta alimwita ofisini kwake akamwuliza. Mama Chai alijibu kwamba maji ni maji. Nilimfuata jikoni, nikamwuliza kwa nini hanitaji. Alikuwa anakwangua masizi kwenye birika. Akaniambia wanawe wote wamemtangulia na mume pia, kwa hiyo yeye hana tena mtu nyumbani wa kumponza, lakini mimi nina kaka, mtu wa dini, mwenye waumini na watoto. Yeye ndiye aliyekuwa akizipokea barua zako kwa mlinzi langoni na kuniletea mezani, tena huzifuta vumbi kwa aproni yake. Akasema mwenye ndugu anyamaze. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitoka na moyo mwepesi, nikaenda kununua mkate.

Niliutafuna kipande kimoja mpaka kikawa kama pamba.

Jumatatu walikuja kweli. Tulikuwa tumekaa chumba kikubwa, madirisha wazi kwa ajili ya joto, na tuliwasikia langoni kabla hatujawaona. Hawakuwa wanapiga kelele. Ingekuwa kelele ningeogopa kidogo. Walikuwa wanazungumza kwa sauti za kawaida, kama watu waliokuja kuhamisha kabati. Mlinzi akawafungulia. Wakapanda ngazi, wakajaa mlangoni, mmoja wao ameshika kamba ya manila ameikunja vizuri mkononi, na Fundi Wembe katikati yao na kidole kimefungwa bendeji. Mama Chai alikuwa ameshika birika. Aliendelea kumimina. Alimimina hadi kikombe kikafurika na chai ikatambaa juu ya meza, naye haoni.

Mzee Nukta, kwa kukosa la kufanya, alifanya alichozoea. Aliinua kadi yangu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba neno la heathenish lilibaki bila sentensi, je, kuna mwenye sentensi.

Sijui nilisimama vipi. Nilisema bakuli lile ni langu, maji ni yangu, na sauti iliyosikika ilikuwa yangu nikimwita mama yangu mzazi. Nikasema kama mtu wa namna hiyo ndiye anayeitwa kwa neno hili, basi mimi ndiye mwenyewe, wamwache mama wa watu. Nikamwambia Fundi Wembe kwamba kidole chake kimekatwa na mashine isiyo na kinga, na nikaona watu wa mitamboni wanatazama chini, kwa sababu walijua.

Nilisikia kalamu ya Mzee Nukta ikiandika. Naapa alikuwa anaiandika sentensi ile, mpaka na nukta.

Kisha yule mwenye kamba akauliza nani alinifundisha. Nikasema mama, naye amekufa. Akasema mama hafundishi mtoto mmoja tu, nani mwingine wa nyumba hiyo anafanya haya. Nikasema hakuna. Ndipo mlinzi akafungua mdomo wake. Akasema mbona huyu ana kaka, tena kiongozi wa dini, barua zake huja hapa, jina lake analijua na mji anaujua. Nikaona nyuso zao zinabadilika. Mwanamke wa ofisini na bakuli la bati ni jambo dogo. Kiongozi wa waumini aliyelelewa kwenye bakuli hilo hilo ni jambo la kusafiria. Niliwaona wameshaanza safari, machoni tu.

Kaka, nilisema umekufa.

Nilisema umekufa mwezi huu, kwa kifua. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wote, na nikataja jina lako kamili, lile mama alilokupa.

Hakuna aliyeniamini mwanzoni, niliona. Lakini Mama Chai aliweka birika chini. Yeye aliyeifuta barua yako vumbi wiki ile ile alikuja akanishika mikono yote miwili, akalia machozi ya kweli, akanipa pole ya msiba, akauliza kwa nini sikusema, kwa nini nimebeba peke yangu. Mfagiaji naye akainuka akanipa pole. Mzee Nukta akavua miwani akanipa pole. Na wale mlangoni, kaka, unajua watu walivyo. Mtu hawezi kusimama mbele ya mfiwa na kamba mkononi. Yule mwenye kamba aliificha nyuma ya mgongo, akasema pole dada, Mungu amlaze pema. Fundi Wembe alikuwa wa mwisho. Alinipa mkono wa kushoto kwa sababu ya bendeji. Wakateremka ngazi mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaotoka mazikoni.

Haya ndiyo yaliyofuata, kwa ufupi. Mzee Nukta ameniomba nipumzike hadi mambo yapoe, na sote tunajua hayatapoa. Mama mwenye nyumba alinitolea godoro nje, na sufuria zangu juu yake. Sasa nakaa na Mama Chai, nyuma ya mlango wenye oili, ambayo tumeisugua kwa mchanga na mafuta ya taa na bado haijatoka. Mawe yamepungua. Bado nikisikia kitu paani, hata tawi, naingia chini ya meza, nami ni mtu mzima mwenye mvi. Mama Chai hunipitishia kikombe cha chai huko huko chini.

Lakini hofu yangu kubwa haiko paani. Asubuhi ya pili nilijaza bakuli, nikachuchumaa, nikaanza kuwaita waliotangulia. Babu, bibi, baba, mama. Nilipomtaja mama nikasikia ulimi wangu unataka kuendelea. Jina lako lilikuwa limekuja lenyewe hadi kwenye meno. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikamwaga maji, nikakimbilia ndani. Tangu siku hiyo siwezi kukaribia bakuli, na siwezi kulala. Nimelitaja jina lako mbele ya mashahidi. Watu wamelilia. Limekwishapelekwa huko.

Sijui kama wafu wanasikia. Hakuna kamusi inayosema. Najua wewe unafundisha nini juu ya mambo haya, na najua mwezi uliopita uliwahubiria watu wako kuhusu mabaki ya upagani, uliniandikia mwenyewe, nami nikakupongeza kwa hotuba nzuri. Sikuombi uyaamini. Mimi mwenyewe sijui kama nayaamini. Naogopa tu.

Usinijibu barua hii. Mlinzi bado anazipokea. Ukishaisoma ichome. Wifi na watoto wafikishie salamu zangu nyingi bila kuwaambia zimetoka kwa nani, na yule mdogo mbusu shavuni kwa niaba yangu. Nimempa bakuli huyu aliyekuletea barua, mpwa wake Mama Chai, limefungwa ndani ya kanga. Si lazima uliweke sebuleni. Lijaze hadi ukingoni, ulitaje jina lako, lile la mama, kisha unywe. Yote, kaka, hata tumbo likiwa ngoma. Mtu akikuingilia mwambie una kiu.

Mpwa huyu nimemwambia asiondoke hapo mlangoni mpaka umrudishie bakuli likiwa tupu.

Mimi mdogo wako,
Kivuli